Glavu Nyeupe za Mysie

Elspet, dada mkubwa wa marehemu, alifunika kioo cha sebuleni kwa shuka, kama ilivyo desturi mtu akifa. Kisha akaiendea picha iliyoning'inia juu ya meko ya kuotea moto, akaigeuza ikatazama ukuta.

"Hiyo si kioo, shemeji," Lachlan alisema. "Ni Mysie."

"Mysie amelala chumba cha pili. Huyu bibi wa glavu mimi simjui."

Picha ile ndiyo iliyompa Lachlan jina la uchoraji kule jijini Edinburgh, miaka kumi na miwili iliyopita. Mwanzoni alimchora mkewe kama alivyokuwa: mpasua samaki wa bandarini tangu ana miaka kumi na mitano, vidole vimekatwakatwa na kisu, chumvi imevichimba. Bwana mmoja wa kamati ya maonyesho alikuja kuitazama, akauliza kwa upole, "Huyu ni mtumishi wako?" Lachlan akacheka pamoja naye. Mysie alikuwa mlangoni na sinia la chai.

Kesho yake mikono ile ya pichani ilivikwa glavu nyeupe. Mysie aliitazama picha, akasema, "Hizo zitanibana," akarudi kumenya viazi. Tangu hapo, wageni wakija, alikaa mikono ikiwa chini ya aproni.

Lachlan aliiteremsha picha, akachukua kisu chake cha kukwangulia rangi. "Mikono yake imo humu chini. Nitaifunua kabla wenye jeneza hawajaja."

Alikwangua taratibu. Weupe ulitoka, na chini yake kikabaki kitambaa kitupu. Hapo ndipo alipokumbuka: siku ile ya kuchora glavu aliikwangua mikono kwanza, vifundo vya vidole visije vikaonekana kupitia glavu.

"Nitaichora upya," alisema, akichukua penseli. "Naikumbuka."

"Kovu kubwa liko wapi?"

Lachlan akatazama mikono yake mwenyewe. Kidole gumba, labda. Au mkono wa kulia.

"Amekukatia mkate kila siku, Lachlan."

"Najua."

"Hujui."

Elspet aliingia chumba cha pili, akashusha shuka mpaka kiunoni mwa marehemu. "Njoo. Wenye jeneza hawajafika."

Lachlan aliiacha penseli kwenye rafu ya meko. Alipiga magoti, akaushika mkono wa kushoto, akalitafuta kovu kidole kwa kidole. Mwishowe Elspet akainama, akamgeuzia kiganja cha Mysie; kovu lilikuwa hapo.