Wa Juu Yake Mmoja

Maji ya beseni yalikwisha poa, lakini Bibi Bronė hakutaka kutoa miguu. Asifiwe alikuwa amepiga magoti tangu asubuhi: sakafu, choo, na sasa miguu hii iliyopungua vidole, vilivyoliwa na baridi ya Siberia. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imepasuka kwa sabuni.

"Leo anakuja mtu wa manispaa, bibi," alisema kwa Kiswidi chake cha kuokoteza. "Atakuuliza nani anakuhudumia. Mwambie ni mimi. Asiposikia kwako, kibali changu cha kukaa kimekufa."

"Nani alikuleta hapa?"

"Gilles."

"Na Gilles katumwa na nani?"

"Hata yeye hajui," Asifiwe alisema, akachovya kitambaa majini. Hilo alimwuliza Gilles jana, mtu wa kwao Uvira, aliyempa ufunguo wa nyumba hii ya ghorofani, mtaa wa Hagsätra. "Dada, mwenye kampuni ya kutunza wazee mimi nitamjulia wapi?" Gilles alimjibu. "Kuna bwana wa mtaa wa Spånga ananipa funguo, mie nakupa weye. Bon. Ukinitaja kwa hao wazungu, sikujui."

Bibi Bronė akacheka, meno ya bandia yakacheza. "Vizuri. Hata sisi tulifanya hivyo." Akaanza tena habari za Lithuania baada ya vita, walipopigana na Warusi msituni. Nchi waliigawa mikoa, mkoa wilaya, wilaya vikosi. Yeye, kisichana cha mikia miwili ya nywele, alipeleka ujumbe toka wilaya hadi wilaya. Alimjua mmoja juu yake na mmoja chini yake, tena kwa majina ya bandia. "Warusi waliponikamata walinipiga mpaka masikio yakatoka damu. Sikumjua mtu. Ndiyo maana mkoa wetu ulisimama imara."

Kengele ikalia. Aliyeingia alikuwa bwana wa manispaa, mrefu, mwenye koti jeusi. Alivisha viatu vyake vifuko vya plastiki, akabaki amesimama.

"Bi Bronė, huyu ndiye anayekuja kwako kila siku?"

Bibi alilitazama lile koti. Mgongo ukanyooka kitini.

"Simjui."

"Bibi, ni mimi. Asifiwe."

"Sijapata kumwona. Hajafika hapa."

"Kampuni nayo inasema haimjui," bwana alisema kwa upole.

"Miguu yake imelowa," Asifiwe alisema. "Nani kaiosha?"

Bwana akalitazama beseni, kisha kitambaa kilichokuwa kikidondosha maji mkononi mwa Asifiwe. "Hilo siwezi kuliandika," akasema, akatoka.

Asifiwe aliinuka amfuate. Bibi akamdaka kifundo cha mkono, akajiinua kutoka kitini, akamwegemea kwa uzito wake wote.

"Usitoke. Aende mbali kwanza." Machozi yalimtoka, anatabasamu. "Umeona, binti? Sikukutaja."

Lifti ilianza kuteremka. Kujinasua angeweza, mkono wa kikongwe una nguvu gani? Lakini akijivuta, bibi ataanguka. Na bibi akianguka, hapo ndipo wote watajua nani alikuwamo humu ndani.