Maombi ya Papa Tharcisse

Balaa la Tharcisse lilianzia kwenye ukumbi mmoja wa Schaerbeek, Ubelgiji, ambao kanisa lao la Wakatanga lilikuwa likiukodi Jumapili mchana. Asubuhi ukumbi huohuo ulikuwa wake: aliwafundisha Wabelgiji wastaafu mazoezi ya pumzi ya Kitao aliyojifunza kwa daktari wa Kichina kule kwao Kolwezi. Walisimama kimya, macho wamefumba, mikono wameinua usawa wa kifua, wakivuta pumzi taratibu. Basi Jumapili moja Maman Rolande wa kwaya akawahi kufika, akawakuta hivyo. Mkatanga mlokole akiona watu wamefumba macho na kuinua mikono haulizi, anajiunga. Bega lililomtesa tangu majira ya baridi likaachia, na mchana akatoa ushuhuda kwamba ameponywa kwenye maombi ya Papa Tharcisse!

Tharcisse angesema ukweli papo hapo. Lakini mchungaji alishamfukuza mtu kwa sababu ya yoga tu, na Mbombo, mkewe, alimfinya paja. Akanyamaza. Woga huo, tusimpambe.

Jumapili iliyofuata Rolande akaja mbele, uso unang'aa.

"Papa, sindano ya sukari nilisha kutupa. Mungu aliniponyesha, donc sindano ni ya nini tena?"

Vigelegele vikalipuka. Bega ni bega, sukari inaua. Tharcisse akasimama, liwalo na liwe.

"Maman, hapana! Ile haikukuwa maombi. Ni mazoezi ya Bachinois. Rudilia sindano!"

Mchungaji akacheka.

"Munaona? Muntu wa Mungu wa kweli hajisifu!"

"Amen!"

"Papa anapima imani yangu," akasema Rolande, akapiga magoti.

Tharcisse akarudia, wakazidi kumpigia makofi. Ukweli uliomkosesha usingizi wiki nzima, hakuna aliyeutaka. Akamtazama Rolande pale chini, midomo imeshaanza kumkauka kwa sukari. Akafumba macho, akainua mikono, akaitoa ile sauti ya manabii aliyoichukia maisha yake yote.

"Bwana anasema: Rolande, rudilia sindano yako leo leo!"

"Amen!" akaitikia Rolande palepale. "Bon, duka gani ya dawa iko wazi dimanche, siku ya Bwana?"

Mbombo akainamisha kichwa. Mchungaji alikuwa ameshashika kipaza sauti, anatangaza kwamba kuanzia sasa wagonjwa wote waletwe kwa Nabii Tharcisse, na foleni ikaanza kujipanga kati ya Tharcisse na mlango.