Isale Mbele ya Watu

Tangu alfajiri chakula kilikuwa hakipiti kwa Aikande. Chai ilimshinda. Mtori wa ndizi aliupiga kijiko kimoja akausukuma pembeni. Mchana ule alikuwa na mtihani wa mwisho wa chuo, kuongoza igizo na kuliigiza mwenyewe, na ungefanyikia wapi? Si kwenye ukumbi wa chuo kule Moshi mjini, la hasha! Walimu walitaka kila mwanafunzi akacheze mbele ya watu wa kwao. Kwao Aikande ni Mwika, kijijini, ukumbi wenyewe ni wa usharika, na mshika funguo ni mzee wa kanisa Anaeli. Baba yake mzazi.

Baba huyo hakuwa amesema naye tangu Aikande alipoacha chuo cha uuguzi, akaenda kusomea uigizaji bila kumuaga. "Nimekupeleka ukawe nesi, wewe unajifunza kujiliza mbele za watu?" alimwambia siku alipogundua, kisha akafunga mdomo. Akisalimiwa hajibu. Akipishana naye mlangoni anatazama migomba. Jamani, bora kuchapwa.

Sasa sikieni ujasiri wa binti huyu, au tuseme ujinga. Igizo alilitunga yeye: binti aliyemkosea baba yake anamwendea na jani la isale kumwomba msamaha, baba analitupa. Mazoezini walitumia jani la muhindi, na mwalimu wake, Bi Mwamvita, akalalamika kila mara kwamba hata aliyekaa nyuma kabisa ataona ni uongo. Basi asubuhi ile Aikande akaenda mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo wao, akakata isale lenyewe, akalifunga fundo kama anayekwenda kuomba radhi kweli.

Mama yake akamkuta nalo uani.

"Wewe Aikande! Isale halichezewi. Likishafungwa hivyo, anayepelekewa hakatai."

"Mama, ni igizo tu."

"Igizo ni lako. Isale si lako." Mama akashusha sauti. "Kama unajua kulifunga, si umpelekee baba yako?"

Aikande akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu. Amwambie mama ukweli? Kwamba anaogopa? Isale ni ombi la mwisho, ukishalipeleka huna tena cha kupeleka. Je, akilikataa na hilo? Hapo ndiyo basi, hana baba. Heri abaki hajui.

Mchana ukumbi ulijaa, wazee mbele, nyuma yao kina mama na watoto mgongoni. Mzee Anaeli aliketi peke yake karibu na mlango, funguo mkononi, kama mtu anayesubiri upuuzi uishe afunge akalishe ng'ombe. Aikande alimchungulia kutoka nyuma ya pazia, akalirudisha upesi. Kwa hofu hiyo akasahau jambo moja. Aliyecheza baba alikuwa mwenzake wa chuoni aitwaye Zaidi, mtoto wa Majengo mjini, kijana mwenye sauti ya kutikisa mabati, ila mambo ya masale angeyajulia wapi? Hakuna aliyemweleza kwamba leo jani ni la kweli.

Zamu yao ikafika. Aikande akapiga magoti mbele ya Zaidi, akanyoosha isale kwa mikono miwili. Chuoni walifundishwa kuvuta pumzi kutoka tumboni, lakini siku hiyo tumbo lilikuwa limefunga duka. Sauti ikatoka nyembamba.

"Baba, nimekosa. Naomba unisamehe."

Hakuwa anamtazama Zaidi. Macho yalikuwa yameshakwenda mlangoni, na aliposhtuka kuyarudisha alikuwa amechelewa.

Zaidi akalipokea isale, akaligeuzageuza, akalibwaga chini. Na kwa vile mzuka ulikuwa umempanda, akalikanyaga!

Loo! Bibi mmoja wa mbele akashika kichwa, akamwita Mungu, "Eh, Ruwa!" Mzee aliyekaa pembeni yake akaokota fimbo yake, tayari kuondoka. Aikande alibaki magotini. Amewaita watu wa kwao waje kuona isale likikanyagwa, ndani ya ukumbi wa kanisa, baba yake akiwa amewafungulia mlango. Kiti kikakwaruza sakafu kule nyuma. Mzee Anaeli alikuwa anakuja. Nimekwisha, Aikande akajisemea.

Mzee akapanda jukwaani taratibu. Hakumtazama binti yake.

"Kijana, ondoa mguu."

Zaidi maskini akadhani ni mbwembwe za mwongozaji, kwamba kuna mchezaji aliyefichwa kati ya watazamaji ili kumpima. Akatunisha kifua, akanguruma, "Nimesema huyu si mwanangu!"

"Wako siyo," Mzee Anaeli akamjibu. "Ni wangu mimi. Ondoa mguu."

Zaidi akauondoa mbio. Mzee akainama, magoti yakilia, akaokota isale, akalifuta vumbi kwa mkono wa koti. Alipojiinua akakuta ukumbi mzima unamtazama, na kila mkubwa aliyekuwemo alijua maana ya isale mkononi mwa baba. Yeye mwenyewe alijua kuliko wote.

Bi Mwamvita, mtu wa mjini, akainuka kwa adabu zote. "Shikamoo mzee. Samahani, tunaliomba hilo jani, mtihani unaendelea."

"Marahaba, mwalimu. Hili limeshapokelewa. Tafuteni jingine."

Akalitia mfuko wa ndani wa koti, ndipo akamgeukia Aikande.

"Inuka, mama. Sakafu hiyo baridi."

Aikande akainuka. Maneno yote ya igizo lililobaki yalikuwa yamemtoka kichwani, na Bi Mwamvita alikuwa anasubiri, na yeye hakujali hata kidogo.