Mwisho Aliousoma Mshamu

Mshamu alijitapa Mitwero nzima kwamba ile riwaya ya watu waliofungiwa ndani ya ukuta haijamtoa hata chozi. Shangazi yake, Bi Somoe, aliyekuwa ndani akikaa eda ya mumewe, akamwomba amsomee.

Ukurasa wa mwisho akaacha kusoma, akapangusa macho. Kitabuni, mama mmoja wa wale waliofungiwa anafia mle mle.

"Mbona kimya? Anatoka?" shangazi akauliza.

"Anatoka, shangazi. Lango linafunguliwa, anakwenda zake sokoni, anabishana bei ya dagaa."

Bi Somoe akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Hamida, binti wa Bi Somoe, alikuwa akichungulia kitabu nyuma ya Mshamu. Akamnong'oneza, "Kaka, hao dagaa wako mstari gani? Na hayo machozi?"