Koti la Bwana Stoo

Fundi alirudi kutoka kununua uzi, akatazama msumari wa tatu ukutani. Koti halikuwepo.

"Baba watoto, leo nimekusafishia jina," alisema mkewe, aliyekuwa anashona vifungo kando ya beseni la kukingia maji ya paa. "Bwana Stoo amepita, nimempa koti lake. Miaka sita, mwanamume wewe! Hata haya huna?"

Bwana Stoo alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni. Alipokaribia kustaafu aliagiza koti, akalipa pesa zote kabla ya kazi, kosa ambalo mteja hulifanya mara moja tu maishani. Fundi akamwambia njoo kesho, njoo Jumatatu, njoo mwisho wa mwezi, mpaka mwenyewe akachoka kuja. Koti lilipokamilika hakukuwa na wa kulichukua, likabaki msumarini likila vumbi.

Hapo ndipo fundi alipopata akili. Nyumbani kwake pesa zilikuwa na miguu. Akiweka chini ya godoro, bati linatoboka. Akiweka kwenye kopo, mtoto anarudishwa kwa ajili ya ada. Mkewe hakuweza kuwakatalia watoto, na yeye hakuweza kumkatalia mkewe. Lakini goti lake la kulia, lililokanyaga cherehani miaka thelathini na minane, lilikuwa limeanza kulia kama bawaba, na siku litakapogoma hakuna mwajiri wa kumpa kiinua mgongo. Basi kila Jumamosi alifumua bitana ya koti lile kidogo, akaingiza noti moja, akashona tena. Nani angeutafuta uzee wa fundi ndani ya koti la mtu mwingine?

"Amesema anakwenda wapi?"

"Ofisi ya mafao, wamemwita. Mbona umeshika mkasi hivyo?"

Alishatoka, goti na yote.

Mlangoni mwa ofisi mlinzi alimzuia. "Mkasi huo wa nini, mzee?"

"Kuna mteja wangu humu ndani."

"Basi huyo mteja ana kazi leo," mlinzi alisema, akabaki na mkasi.

Bwana Stoo alikuwa mtu wa nne kwenye foleni, kifua mbele. Koti lilikuwa limemkaa vizuri mno, hata fundi, pamoja na hofu yake, alisimama kidogo ajisifu. Kisha akamsogelea kwa nyuma.

"Tulia hivyo hivyo, Bwana Stoo. Kuna uzi unaning'inia. Hebu vua mara moja."

"Fundi! Miaka sita hukuuona, leo ndiyo umeuona? Nivue, nifike dirishani na fulana?"

Fundi alitaka kusema kweli, lakini foleni nzima ilikuwa imetega masikio, na pesa iliyotajwa mbele ya wastaafu hailali kwa mwenyewe. Akashika tu pindo la koti kama mtoto sokoni.

Zamu ikafika. Karani alifungua jalada, akalifunga. "Inakosekana barua ya kiwandani, mzee. Ilete kesho."

"Kiwanda kilishafungwa, mwanangu."

"Basi ilete kesho kutwa."

Bwana Stoo alitoka, akaketi kwenye ngazi, akavua koti, akalikunja taratibu. "Chukua, fundi. Nilitaka nilivae siku ya kupokea. Litundike mpaka waniite tena."

Moyo wa fundi uliruka kwa furaha, halafu ukaona haya. Mwenzake alikuwa amebaki na fulana yenye tundu begani.

"Bwana Stoo, shika hapa kwenye bitana."

Akashika. Noti zikalia.

"Nini hii?"

"Mafao yangu. Ya siku goti litakapogoma."

Bwana Stoo alitoa macho, kisha akacheka mpaka mlinzi akaja na mkasi kuangalia kuna nini. "Yaani nimesimama pale nikidai mafao, na mafao nimeyavaa!"

"Si yako hayo."

"Hata yale ya dirishani wanasema hivyo hivyo!" Akajifuta machozi. "Zitakutosha muda gani?"

"Miezi minne. Mitatu, kama tunakula."

"Umenizidi. Mimi nimekatwa mshahara miaka thelathini, na hata wiki moja sijaipata."

Fundi aliporudi, mkewe aliinua uso. "Mbona koti limerudi?"

"Limeambiwa lije kesho."

Mkewe alilipokea alitundike, na koti likalia. Akalitikisa tena, polepole, sikio likiwa karibu. Akamtazama mumewe, kisha akatazama juu, ambako tone lilikuwa linajikusanya kuelekea kwenye beseni.

"Paa," alisema.

"Goti," alisema fundi.

Kisha fundi akaketi kwenye cherehani, akaanza kukanyaga kwa mguu wa kushoto.