Pumzi ya Mjomba

Mdogo wangu tunamwita Bi Unga, maana huu mwaka wa nne kazi yake ni kutengeneza unga wa njano ambao hauliwi, haupakwi usoni, wala haufui nguo. Anasema ukiuangalia kwa darubini ni vitundu vitupu, kama sponji. Vitundu hivyo vinanasa kaboni dayoksaidi, ile hewa tunayoitoa tukipumua, na jua likiupiga, unga unaigeuza hewa kuwa spiriti ya kuwashia jiko. Siku ya kwanza alipotueleza, tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Basi siku ya kukaguliwa, mtungi wake wa hewa hiyo ukaisha. Mkaguzi ameshaketi, kalamu mkononi. Asipoona kitu siku hiyo, maabara anapewa mtu mwingine, Bi Unga anarudi nyumbani na kopo lake. Akanipigia simu: "Dada, leteni mapafu."

Tukaenda watatu: mimi, Mjomba na mkewe. Mkaza mjomba hakuitwa, lakini yeye palipo na watu hangoji kuitwa, na hapo tunafanana. Tegemeo letu lilikuwa Mjomba, mpiga tarumbeta wa harusini. Tena alikuwa na miezi mitatu tangu aache pombe. Mkewe alishamwambia akionja tena, yeye na tarumbeta lake watafute pa kuishi.

Mjomba akaujaza mfuko wa plastiki peke yake, mashavu yamemtoka kama maboga, akaufunga kwa mbwembwe. "Mpwa wangu, hiyo ni hewa daraja la kwanza!"

Tukapanda juu ya paa la maabara, na mkaguzi nyuma yetu. Bi Unga akaunganisha mfuko na chupa yenye unga, kisha chupa akaifunika kwa kitambaa cheusi.

"Mbona unalificha jua?" mkaza mjomba akauliza.

"Kwanza tunapima gizani, Anti. Bila jua unga haufanyi kazi, kwa hiyo kipimo cha spiriti lazima kisome sifuri. Kikisoma chochote, spiriti imetoka kwingine na mimi ni tapeli."

Baada ya nusu saa kipimo kikasoma arobaini.

Mkaguzi akafunika kalamu yake. "Binti, kama kuna spiriti hata gizani, huo ni uchafu. Sio ugunduzi."

Bi Unga hakulia. Alikaa chini pale pale kwenye saruji, akaitazama chupa. "Nimeosha kila kitu mara tatu," akaniambia. "Mara tatu, Dada."

Nikamgeukia Mjomba. Alikuwa anatafuna pipi ya mnanaa kwa kasi ya cherehani. Akamtazama mpwa wake, akamtazama mkewe, akamrudia mpwa.

"Vyombo ni visafi," akasema. "Mchafu ni mimi."

"Unasemaje?" mkewe akauliza.

"Asubuhi. Glasi moja. Ya kutoa baridi."

"Baridi gani, na jua lote hili?"

"Glasi mbili."

Mkaguzi hakuamini, alidhani tunalindana kifamilia. Lakini spiriti na kilevi cha pombe ni kitu kimoja, akamsogezea Mjomba mpira wa kipimo, apulize moja kwa moja. Mia na ishirini.

"Glasi mbili," mkaguzi akasema, "au ndoo mbili?"

Mkaza mjomba alinyakua mfuko mpya akaanza kupuliza, macho hayambanduki mumewe. Hasira zilimpa mapafu jamani! Mipulizo minne, mfuko umevimba unataka kupasuka.

Chupa mpya, unga mpya. Gizani: sifuri. Mkaguzi akasogeza kiti. Bi Unga akaondoa kitambaa, tukakaa juani saa nzima, jasho linatutiririka, tumekodolea kile kidude. Hakuna aliyepiga umbea, na mimi siku hiyo nilikuwa nao wa kugawa mtaa mzima.

Kipimo kikasoma moja. Kikasoma mbili. Kikafika tatu.

"Tatu tu?" nikauliza.

"Tatu kutoka sifuri!" Bi Unga akapiga kelele.

Mkaguzi akaifunua kalamu yake, akaanza kuandika, na Bi Unga akamrukia Mjomba shingoni, karibu wadondoke wote.

"Mkumbatie upesi," mkaza mjomba akasema, mkoba ameshautia kwapani. "Mimi naye bado tuna maongezi."