Suti Isiyochukuliwa

Mdogo wangu Placide alitoka Troyeville, hapa Johannesburg, Jumatano, tarehe 9 Machi 2016, saa kumi na moja alfajiri, na ndipo nilipoanza kumkosa. Hakuwa amekufa. Alikufa baadaye, Oktoba 2018, huko Ubelgiji, katika mji mdogo ambao sikuwahi kuusikia kabla hajahamia. Moyo ulisimama akiwa kazini, kwenye ghala la kufungasha karoti. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Mimi ni fundi nguo. Katika ukoo wetu, kule Bukavu, mkubwa ndiye anayemvalisha mdogo wake mara ya mwisho, na kifungo cha juu anakifunga yeye, si mtu mwingine. Baba alimfanyia hivyo baba mdogo. Nilikuwepo, nilishika taa. Kwa hiyo mama aliponipigia simu hakusema mengi.

"Théodore, nenda ukamvalishe mtoto."

Nilikata kitambaa cha sufu cha bluu nzito. Vipimo vyake vilikuwa bado kwenye daftari langu: kifua tisini na nane, bega arobaini na sita. Nilishona siku nne, huku nikisubiri viza.

Wakati huo ofisi ya mji ule ilinitumia karatasi kwa barua pepe. Walitaka nisaini kwamba nimepokea habari ya kifo na kwamba ukoo utamzika. Niliisoma mara mbili, sikusaini. Kwetu mtu hakubali kwa mkono wake kwamba nduguye amekufa kabla hajamwona. Ni kama kumsukuma. Nikapiga simu, nikamwambia mwanamke aliyepokea, kwa Kifaransa changu cha shule, kwamba ninakuja, wanisubiri. Akajibu kwa upole kwamba amenielewa. Nikaona imetosha. Kwetu maiti humsubiri mkubwa wake, hata akichelewa vipi.

Viza ilitoka siku ya ishirini na mbili. Nilipanga kufika ofisi ya mji Jumatatu saa tatu, lakini tiketi niliyopata ilinifikisha Jumapili asubuhi. Nilishuka kwenye treni nikiwa na begi dogo na suti ndani ya mfuko wake, begani. Kila kitu kilikuwa kimefungwa. Hakuna aliyeningoja, na siku nzima ilikuwa mbele yangu.

Nikatoa simu, nikafungua picha alizokuwa akinitumia Placide, nikaanza kutafuta mahali alipokuwa amesimama. Nilipata duka la mkate lenye ng'ombe wa bati juu ya mlango. Nilipata kanisa la matofali mekundu, na ukuta ule aliouegemea akicheka. Nilisimama pale pale, mgongo wangu kwenye matofali. Mzee mmoja mwenye mbwa alinisalimu, akaitazama suti, akapita. Mji ulikuwa mzuri. Placide alisema ni mzuri, nami nikadhani ananifariji.

Darajani nilimrekodia mama ujumbe: "Mama, niko kwenye daraja lile la picha. Maji yako chini sana."

Sauti ikaja nyuma yangu. "Eh, papa! Kiswahili cha Bukavu kabisa! Na suti begani! Bibi harusi amekukimbia, ao umemkimbia wewe?"

Alikuwa mama wa makamo, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, sufuria iliyofungwa kwa kitambaa mikononi. Nilicheka kidogo. Nilikuwa sijacheka tangu Oktoba.

"Ni ya mdogo wangu," nikasema. "Placide. Kesho ninamvalisha."

Aliweka sufuria chini, juu ya mawe ya daraja.

"Wewe ndiye Yaya Théo, kaka yake? Wa Johannesburg?"

"Ndiye."

"Mimi Brigitte. Alikuwa akila kwangu Jumapili." Akaitazama tena suti. "Hawakukuandikia?"

"Waliandika. Karatasi ya kusaini. Nikawaambia wanisubiri."

"Ulisaini?"

"Hapana."

Akavua kofia yake.

"Tulimzika Alhamisi, papa. Walisema hana mtu."

"Alikuwa na mtu."

"Mimi ninajua. Niliwaambia ana kaka, ni fundi. Wakasema, karatasi yake iko wapi?"

Tukaenda kwa miguu. Mama Brigitte alibeba sufuria yake njia nzima, akasahau ilikuwa ya nani. Alinionyesha dirisha la chumba cha Placide, juu ya duka la vigae. Pazia lilikuwa bado limefungwa. Aliendelea kusema njiani, kama anaogopa nikipata nafasi ya kuuliza, lakini makaburini niliuliza.

"Alivaa nini?"

"Sanduku lilikuja limefungwa."

"Hukuuliza?"

"Niliuliza, papa. Walisema vile alivyotoka hospitali."

Kaburi lilikuwa mwisho wa mstari, karibu na bomba la maji. Kijiti, kibao cha plastiki, jina na namba. Udongo ulikuwa bado haujashuka. Nilifungua zipu ya mfuko, sijui kwa nini. Mama Brigitte alishika mkono wa koti, akaupima kwa vidole vyake.

"Alikuwa amekonda sana mwaka huu," akasema. "Hii ingemmeza."

Hilo pia sikulijua. Kwenye picha alikuwa amevaa jaketi nene siku zote.

"Iache hapa juu yake," akasema. "Ataiona."

"Itanyeshewa."

Nikafunga zipu. Tulikaa hapo mpaka baridi ikatushinda, kisha akanipeleka kwake, tukala ule wali uliokuwa kwenye sufuria, umepoa.

Jumatatu saa tatu nilikuwa ofisini. Walinipa simu ya Placide, funguo mbili na jozi ya viatu, wakaniletea karatasi ya kuthibitisha kwamba nimevipokea. Niliisaini bila kuisoma.

Niliporudi Johannesburg mama alipiga simu. Aliuliza jambo moja tu.

"Kifungo cha juu, ulikifunga wewe?"

"Nilikifunga, mama."

"Haya. Mungu akubariki."

Sasa ni Novemba 2019. Ukutani dukani kwangu kuna tangazo nililoliandika mwenyewe zamani: nguo isiyochukuliwa ndani ya miezi mitatu itauzwa. Suti iko mwisho wa bomba la kutundikia, ndani ya mfuko wake, tiketi namba 212. Watu wa Bukavu wakiingia, naisogeza nyuma ya makoti mengine.